Aliyenusurika Hazai Kinga

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaoishi mijini tunamfahamu nguruwe akiwa amekwisha kuwa kitimoto. Anafika mezani pamoja na ndizi, pilipili na ndimu, na baada ya hapo hatuulizi ametoka wapi wala amelishwa na nani. Lakini nyuma ya sahani ile yuko mfugaji, na mfugaji huyo ana hofu moja ambayo kila anayefuga nguruwe katika nchi hii anaijua: homa ya nguruwe. Ugonjwa huu haumdhuru binadamu hata kidogo. Nguruwe, hata hivyo, humuua ndani ya siku chache, na ukishaingia bandani aghalabu hauachi kitu.

Wiki hii nazungumzia historia ya tumaini moja, tumaini la kupata mbegu ya nguruwe ambayo homa hiyo haiwezi kuiua. Tumaini hilo limepita katika maabara kubwa za Ulaya na Marekani, na limepita pia katika vijiji vyetu. Mimi nililisikia Mitundu.

Mitundu ni kata iliyoko kusini mwa Itigi, mkoani Singida, upande wa kuelekea Rungwa. Kwa asili ni nchi ya Wakimbu, watu wa msitu na asali, ingawa leo wamo humo pia Wanyamwezi, Wasukuma na wengine wengi. Kwa upande wa kusini kuna Pori la Akiba la Rungwa, na penye pori hapakosi ngiri. Naomba msomaji umkumbuke ngiri huyo, kwa maana ndiye mhusika mkuu katika habari hii.

Nilikwenda huko kwa kazi ya redio, nikakaribishwa na mzee mmoja mfugaji. Homa ilikuwa imepita kijijini kwao. Bandani mwake walikufa wote isipokuwa jike mmoja, ambaye aliugua, akalala siku kadhaa bila kula pumba wala mashudu ya alizeti, kisha akainuka. Jike yule sasa alikuwa amezaa, na watoto wake walikuwa wananunuliwa kwa bei kubwa kuliko ya nguruwe wengine, kwa sababu kijiji kizima kilisema hiyo ni mbegu sugu.

"Mwanangu," mzee akaniambia, "huyu kifo kimemkataa. Na watoto wake kitawakataa."

Mama mmoja jirani yake alikuwa ameuza mbuzi watatu ili anunue watoto wawili wa jike yule. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Watoto hao wangekua, wangezaa, na kijana wake aliyekuwa anasoma bweni asingerudishwa nyumbani kwa kukosa mahitaji.

Sikumcheka mzee yule, wala yule mama, na wewe msomaji naomba usiwacheke. Walivyofikiri ndivyo wafugaji wa dunia nzima walivyofikiri tangu enzi na enzi: mchague aliyeshinda, umzalishe, na ushindi utabaki katika ukoo. Kwa njia hiyo Afrika Magharibi wamepata ng'ombe waitwao N'Dama, ambao huvumilia ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o, mahali ambapo ng'ombe wa aina nyingine hawadumu. Swali ni hili: je, hayo yanawezekana kwa nguruwe na homa yake? Jibu lipo, na limetafutwa kwa zaidi ya miaka 100.

Turudi nyuma kidogo. Katika nchi zetu za bara, nguruwe wa kufugwa kwa sehemu kubwa ni mgeni, aliyeletwa na walowezi na wamisionari wa Kizungu. Walowezi wa Kenya walipoleta nguruwe wao mwanzoni mwa karne iliyopita, walishangaa kuona wanakufa kwa mkumbo. Daktari wa mifugo wa serikali ya kikoloni, R. Eustace Montgomery, alichunguza milipuko hiyo, na mwaka 1921 akachapisha maelezo ya kwanza ya ugonjwa huu kupata kuandikwa duniani. Katika milipuko aliyoieleza, karibu nguruwe 99 katika kila 100 walioambukizwa walikufa. Montgomery aliona jambo jingine pia: maradhi yalizuka pale nguruwe wa kufugwa walipokaribiana na wa porini. Ngiri alikuwa na virusi mwilini, lakini mwenyewe alikuwa mzima, anakula majani na kukimbia na mkia wake juu kama bendera.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali ambalo limewasumbua wataalamu mpaka leo. Ngiri na nguruwe ni ndugu. Ngiri ana nini ambacho nguruwe hana?

Sehemu ya jibu ilipatikana hapa hapa Tanzania. Mwaka 1969, Walter Plowright na wenzake waliokuwa wakifanya utafiti Afrika Mashariki walitangaza kwamba wamevikuta virusi vya homa ya nguruwe ndani ya kupe waliokusanywa katika mashimo ya wanyama wa porini nchini mwetu. Plowright ndiye aliyekuwa ametengeneza, kule Muguga nchini Kenya, chanjo ya sotoka iliyookoa ng'ombe wa bara hili. Na kupe wenyewe si wageni kwa watu wa Singida na Dodoma. Ni jamaa za papasi, wale wadudu waliokuwa wakijificha katika nyufa za tembe na kuwaletea wazee wetu homa ya papasi. Hujificha mchana, huuma usiku, na wanaweza kukaa miaka bila kula.

Mambo huenda hivi. Mtoto wa ngiri huzaliwa shimoni, na papasi humuuma akiwa bado mdogo. Virusi huingia katika damu yake na kukaa humo kwa muda mfupi, papasi wengine wakamnyonya na kuvibeba, naye akakua bila kuugua. Mzunguko huo wa ngiri, shimo na papasi umekuwapo tangu kabla nguruwe wa Kizungu hajakanyaga ardhi hii. Ngiri na virusi wamezoeana kwa muda mrefu usiohesabika. Nguruwe wetu ana umri wa karne moja na ushei tu katika nchi hizi. Ni kama mgeni aliyefika jana akaingizwa katika ugomvi wa ukoo asioujua.

Sasa turudi kwa lile jike la Mitundu. Ili kumjibu mzee wetu yatupasa kuvuka mpaka na kwenda Malawi, ambako, kwa bahati, kuna Mitundu nyingine, kusini mwa jiji la Lilongwe. Magharibi ya Lilongwe kuna wilaya ya Mchinji, na huko katika miaka ya 1980 watafiti walikuta homa ya nguruwe imekuwa mkazi wa kudumu. Papasi walikuwa wamehamia ndani ya mabanda. Jambo la kushangaza ni kwamba nguruwe wa kienyeji hawakufa wote. Wengine walipona, na walipopimwa damu walionekana wamewahi kuambukizwa. Hali kama hiyo ilionekana upande wa pili wa mpaka, katika wilaya ya Angónia nchini Msumbiji.

Hakika wengi walipiga makofi. Ikasemwa kwamba labda ile mbegu sugu imekwisha kujitengeneza yenyewe, kimya kimya, katika mabanda ya wakulima. Kilichobaki ni kuichukua na kuizalisha.

Mary-Louise Penrith na wenzake waliamua kuhakikisha. Walichukua nguruwe wa Angónia wenye dalili za kuwahi kuambukizwa, wakawazalisha mahali palipofungwa ambapo ugonjwa haukuweza kufika, kisha watoto waliozaliwa wakawekwa mbele ya virusi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Watoto karibu wote walikufa, kama wanavyokufa nguruwe wengine wowote. Ule usugu wa wazazi haukuwa katika damu ya ukoo.

Utauliza, msomaji, inawezekanaje mzazi apone na mtoto afe? Tazama surua. Mama aliyeugua surua utotoni haugui tena maisha yake yote, lakini mtoto wake asipochanjwa ataugua. Kinga ya kuugua ukapona ni mali ya aliyeugua. Haiandikwi katika vinasaba vya mtoto. Lile jike huenda lilipata virusi kidogo, au virusi vilivyopungua makali, likawahi kujijengea kinga. Hayo ni mambo ya bahati na ya wakati, nayo hayarithiwi.

Tena kuna mtego mmoja unaowadanganya hata wafugaji wazoefu. Jike aliyepona hupitisha sehemu ya kinga yake katika dang'a, yale maziwa ya kwanza. Kwa majuma machache watoto wake wanaweza kuonekana wamesimama imara kuliko wenzao. Mnunuzi akiwaona wakati huo atasadiki kabisa kwamba amepata mbegu sugu. Kisha kinga ile ya kuazima inakwisha, na mtoto anabaki mtupu. Zaidi ya hayo, nguruwe aliyepona anaweza kubaki na virusi mwilini kwa muda, na akiuzwa au kuchinjwa mapema anasafiri navyo.

Kwa hiyo yule mama aliyeuza mbuzi watatu hakununua kinga ya kudumu, kwa maana jike yule hakuwa na kinga ya kuwarithisha watoto wake. Alinunua watoto wawili wa nguruwe wa kawaida kwa bei isiyo ya kawaida, na hatari ilikuwa kwamba, kwa kuamini kuwa ni sugu, angewaachia wazurure.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya kizamani, kwamba sasa sayansi inaweza kuandika upya vinasaba bila kusubiri vizazi. Ni kweli inaweza, na imejaribu. Katika Taasisi ya Roslin, karibu na Edinburgh nchini Uskoti, ambako mwaka 1996 alizaliwa yule kondoo maarufu Dolly, watafiti walimlinganisha ngiri na nguruwe kinasaba kwa kinasaba. Mwaka 2011 walitoa habari kwamba katika kinasaba kimoja kiitwacho RELA, kinachoamrisha jinsi mwili unavyopambana na maradhi, kuna tofauti ndogo sana kati ya wanyama hao wawili. Walifikiri huenda nguruwe hufa kwa sababu mwili wake hupandwa na ghadhabu kupita kiasi mbele ya virusi, ilhali ngiri hutulia. Basi wakaanza kuhariri kinasaba hicho ndani ya kijusi kichanga, na mwaka 2013 wakautangazia ulimwengu nguruwe hai aliyezaliwa kwa njia hiyo. Baadaye wakafanikiwa kumpa nguruwe maandishi ya ngiri katika sehemu ile.

Magazeti ya Ulaya yakashangilia. Lakini nguruwe hao walipopelekwa mbele ya virusi vya homa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalikuwa ya kusikitisha. Waliugua. Kundi moja lilichelewa kidogo kuonyesha dalili, basi. Ngiri alikuwa ameazimisha neno moja la siri yake, na siri yenyewe ilikuwa kitabu kizima.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba mnyama hawezi kamwe kuzalishwa akawa sugu kwa virusi. Kuna ugonjwa mwingine wa nguruwe, unaoharibu mimba na mapafu, ujulikanao kwa herufi PRRS, ulioanza kuwatia hasara wafugaji wa Marekani katika miaka ya 1980. Virusi vyake huingia katika chembe za mwili kupitia mlango mmoja, protini iitwayo CD163. Randall Prather na wenzake wa Chuo Kikuu cha Missouri waliuondoa mlango huo kwa kuhariri vinasaba, na mwishoni mwa mwaka 2015 wakaonyesha kwamba nguruwe wao, wakichanganywa na wagonjwa, hawaugui. Roslin nao wakapata ushindi kwa kuondoa kipande tu cha mlango ule. Mwezi Aprili mwaka 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha nguruwe wa aina hiyo, kutoka kampuni ya PIC, kwa ajili ya chakula. Nguruwe sugu kwa virusi kwa njia ya kuhariri vinasaba akawa na ruhusa ya kufika sokoni huko.

Mbona basi PRRS imewezekana na homa ya nguruwe imeshindikana? Kwa sababu PRRS ilionekana mlango wake. Virusi vya homa ya nguruwe ni vikubwa, vina vinasaba zaidi ya 150, na vinajua njia nyingi za kuingia na za kujificha. Wataalamu waliwajaribu nguruwe wasio na CD163 kwa homa ya nguruwe pia, na mwaka 2017 wakaripoti kwamba haikuwasaidia. Mwizi wa nyumba hii hana haja na mlango ule.

Sasa, ndugu msomaji, tukiwa tunangoja kitabu cha ngiri kisomwe, tufanye nini? Hapa historia ina somo lisilosimuliwa sana, kwa sababu halina maabara wala mashujaa.

Mwaka 1957 homa hii ilivuka bahari ikaingia Ureno, na inaaminika ilikwenda na mabaki ya chakula cha ndege iliyotoka Angola. Ikarudi tena mwaka 1960, ikaenea Hispania na kukaa huko miaka zaidi ya 30. Wareno walijaribu chanjo ya virusi hai vilivyopunguzwa makali, na maelfu ya nguruwe wakaugua kwa chanjo hiyo hiyo. Mbegu sugu hawakuipata. Hatimaye mwaka 1985 Hispania ilianza mpango mwingine kabisa: vikundi vya madaktari wa mifugo wakazunguka vijijini, damu ikapimwa, mabanda mabovu yenye kupe yakaachwa au kujengwa upya, wagonjwa wakauawa, na mfugaji akalipwa fidia. Mwaka 1995 nchi ilitangazwa kuwa haina homa ya nguruwe. Haikuwa na chanjo wala nguruwe sugu hata mmoja. Ilikuwa na uzio, vipimo, na mfugaji ambaye hakuwa na sababu ya kuficha mgonjwa.

Neno hilo la mwisho ndilo linalotuhusu zaidi. Kati ya mwaka 2010 na 2012 homa iliingia kwetu kupitia Kyela, mpakani na Malawi, ikapanda Iringa, ikashuka Morogoro, ikafika Dar es Salaam. Gerald Misinzo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walivichunguza virusi hivyo wakakuta ni vya kundi lile lile lililotoka upande huu wa Afrika na kuingia Georgia mwaka 2007, na ambalo mwaka 2018 liliingia China. Angalia njia ile: Kyela, Iringa, Morogoro, Dar es Salaam. Hiyo ni barabara kuu. Papasi hapandi basi. Ngiri hasafirishi mizigo. Kilichosafiri ni nguruwe na nyama yake, na aliyesafirisha ni binadamu.

Na kwa nini binadamu anasafirisha? Mfugaji akiona nguruwe mmoja amepata homa kali, masikio yamekuwa mekundu na amegoma kula, hujua kwamba kesho watakuwa watano. Akimwita afisa mifugo wa kata, karantini itawekwa na hatauza kitu. Akikaa kimya na kuuza usiku ule ule, atapata walau nusu ya mtaji wake. Tumlaumu kwa haki, lakini tukiri kwamba bila fidia tunamwomba achague umaskini kwa hiari yake. Mtu hujikuna ajipatapo.

Kwa hiyo nina maneno matatu. Kwa mfugaji wa Mitundu, na wa kila mahali palipopakana na pori: banda imara na uzio ndiyo mbegu sugu tuliyonayo leo. Walowezi wa Kenya waliligundua hilo karibu karne moja iliyopita. Waliowafungia nguruwe wao ndani ya uzio mbali na ngiri walibaki na nguruwe. Ziba nyufa ambamo papasi hulala, usinunue nguruwe kutoka kijiji chenye vifo, na anayekuuzia kinga ya kurithi mwulize kama ameisikia habari ya Angónia.

Kwa serikali: kabla ya kushawishika na mbegu za bei kubwa kutoka ng'ambo, itengwe fedha ya fidia, hata iwe ndogo, ili mgonjwa wa kwanza atajwe siku ya kwanza. Watafiti wetu nao wawezeshwe kuwachunguza nguruwe wa kienyeji kabla hawajapotea kwa kuchanganywa na wa kigeni. Magharibi ya Kenya wamepatikana nguruwe wanaoonekana wazima huku wakiwa na chembe za virusi mwilini. Jambo la Angónia lisitufanye tuache kuuliza. Litufanye tuulize kwa vipimo. Chanjo nazo zinakuja. Vietnam iliruhusu chanjo mwaka 2023, lakini imetengenezwa kwa virusi vya kundi moja, ilhali hapa kwetu yako makundi zaidi ya moja.

Na kwako wewe msomaji wa mjini: nyama inapokuwa rahisi ghafla kupita kawaida, jiulize imeharakishwa kutoka wapi. Makombo ya baa yanayopelekwa kwa wafuga nguruwe wa pembeni mwa mji yachemshwe barabara, nusu saa isiyopungua, kwa sababu virusi hivi hudumu ndani ya nyama kwa muda mrefu. Hayo hayahitaji maabara ya Edinburgh. Yule mama wa Mitundu ameweka mbuzi wake watatu rehani kwa maneno ya watu. Sisi wengine tusimwongezee hasara kwa mabaki ya sahani zetu.